Bakuli la Mianzi

Mvua ya Tukuyu haina adabu. Hunyesha watu wakiwa hawajanawa uso, ikatulia kidogo kama mpagazi anayebadilisha bega, kisha ikaendelea pale ilipoishia. Gwamaka Mwasumbi aliizoea kama fundi cherehani anavyomzoea mteja msumbufu, maana kazi yake ilikuwa kupima spika, na spika haipimwi bati likipigwa na mvua. Siku nyingi za mwaka alikaa kwenye kigoda ndani ya ghala la zamani la kahawa nyuma ya nyumba yake, mikono juu ya magoti, akingoja kimya.

Alasiri hiyo kimya kilipokuja aliinuka upesi. Juu ya meza inayozunguka alikuwa amefunga pembe ndefu ya bati iliyotumwa na mjenzi mmoja wa Sumbawanga. Akabonyeza kitufe. Mluzi ukaanzia chini, mzito kama mngurumo wa tumbo, ukapanda, ukapanda, ukapotelea juu kule ambako masikio ya mtu wa miaka sitini hayafiki tena. Akaigeuza meza kidogo, akaupiga mluzi uleule, akageuza tena. Maikrofoni haikusogea hata unywele. Kilichogeuka ni spika tu. Aliyeketi mbele ya spika husikia kitu kimoja, na mwenzake aliyeketi pembeni husikia kingine. Kazi ya Gwamaka ilikuwa kusema tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani.

Wajenzi wa spika walikuwa makundi mawili, na walibishana kama mashabiki wa timu mbili za mji mmoja. Kundi la kwanza lilipenda pembe, ndefu na yenye shingo nyembamba, ambayo kwa nguvu kidogo tu hupaza sauti mpaka ng'ambo ya bonde. Tatizo la pembe ni kwamba kadiri sauti inavyokuwa nyembamba, ndivyo inavyojikusanya katikati kama mwanga wa tochi, na wa pembeni wakabaki gizani. Kundi la pili lilipenda bakuli, fupi na pana, ambalo halipazi sana lakini huisambaza sauti sawasawa, nene kwa nyembamba, mbele kwa pembeni. Wote waliviweka vyombo vyao kwenye maboksi na kumtumia Gwamaka. Walimwamini kwa sababu hakuwa shabiki wa upande wowote.

Hawakuwa wengi. Tangu watu walipoanza kupandikizwa punje ya kusikilizia nyuma ya sikio, kila mtu alibeba muziki wake ndani ya fuvu lake. Harusini walicheza pamoja, kila mmoja na wimbo wake. Punje ilichuja matangazo ya barabarani, mashine zinazoongea madukani, honi na makelele yote ambayo wazee walisimulia kuwa yalikaribia kuwatia watu wazimu. Wachache waliobaki wakijenga spika mabandani mwao walitaka jambo moja tu: watu wawili wakae chumba kimoja, wasikie kitu kimoja.

Nyumbani kwa Gwamaka jambo hilo halikuwezekana.

Mkewe Tusajigwe aliingia na chai, kanga imelowa mabegani. Alisema mvua imemzuia na chai imeanza kupoa. Gwamaka akaweka kiganja kifuani, ishara yao ya shukrani, na kwa mazoea mdomo wake ukasema, "Ndaga." Tusajigwe alikuwa akitazama birika. Hata kama angekuwa akimtazama usoni, neno lile lisingemfikia.

Hakuwa kiziwi. Alimsikia jogoo, jirani, mtoto akilia ng'ambo ya mto. Sauti moja tu duniani haikumfikia, nayo ni ya mumewe. Mtoto wao wa pekee, Ambakisye, alifia kwenye visima vya mvuke chini ya Mlima Rungwe, na habari ile ilipitia kinywani mwa Gwamaka, kwa kuwa yeye ndiye aliyepigiwa simu. Tusajigwe alivumilia mwaka mmoja. Kisha jioni moja akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba hamchukii.

"Lakini ukisema karibu chakula, mimi nasikia Amba amekufa. Ukisema umeamkaje, nasikia Amba amekufa. Siwezi tena, Baba Amba."

Sheria ilikuwa upande wake. Ilisema hakuna anayelazimishwa kumsikia asiyetaka, na aliyefungiwa sauti hana pa kukata rufaa. Anayeweza kumfungulia ni yule yule aliyemfungia. Gwamaka alimsindikiza mkewe Mbeya yeye mwenyewe, akamshikia mkoba mafundi walipokuwa wakiifunga sauti ya mumewe kwenye punje yake. Huu ulikuwa mwaka wa saba. Mama alizungumza, baba akajibu kwa vidole na kwa kibao cha kioo anachokiandikia na kukifuta. Walilala kitanda kimoja. Kuna usiku Gwamaka alimsimulia mgongo wa mkewe mambo ya siku nzima, mradi tu ulimi usisahau kazi yake.

*

Bakuli lilitoka Makete, likiwa limefungwa kwenye blanketi. Aliyelitengeneza ni Ezelina Sanga, mwalimu mstaafu aliyejifunza useremala uzeeni. Hakutumia mbao. Alipasua mianzi, akaichonga vipande vyembamba kama ukindu, akavigundisha tabaka juu ya tabaka, kisha akasugua mpaka umbo likawa laini kama kibuyu cha zamani. Ukingo wake ulijikunja taratibu kwenda nyuma, usiache mahali ambapo sauti ingejikwaa.

Gwamaka alilipima mvua ilipotulia, akadhani amekosea, akalipima tena. Mistari ya vipimo kwenye kioo ililaliana. Mbele, pembeni, pembeni zaidi, mluzi ulipungua nguvu kwa kiasi kilekile kila mahali, bila kupinda, bila kuchomoza. Katika miaka yake yote ya kupima hakuwahi kuona kitu kama kile. Akafanya kama alivyofanya kwa kila chombo: akapiga sauti ya mtu, maana wajenzi walipenda kujua mtu anasikikaje. Sauti aliyoitumia siku zote ilikuwa yake mwenyewe, aliyoirekodi zamani akisoma maelekezo ya kupanda viazi mviringo.

Bakuli peke yake halitoi besi. Sauti yake ikatoka bila kifua, nyepesi, ya mtu wa miaka ishirini na kitu. Chagua mbegu zenye macho mengi, ikasema. Chimba mtaro usiotuamisha maji.

Mlangoni kikapu kilianguka. Gwamaka aligeuka, akamwona Tusajigwe amesimama, maharage yametapakaa miguuni, kichwa kimeinama upande kama ndege anayesikiliza mdudu kwenye gome.

"Nani huyo?" akauliza.

Gwamaka alimtazama mkewe, akalitazama bakuli. Sauti ikaendelea na viazi vyake.

"Ni kijana wa wapi huyo?" Tusajigwe akauliza tena, na sasa alikuwa amekaribia. "Anavuta maneno kama Amba. Sikiliza anavyosema mtaro. Sikiliza, Baba Amba."

Mkono wa Gwamaka ulikuwa umekwisha kuinuka ili kujigusa kifuani na kusema, ni mimi. Ukaishia hewani. Uso aliokuwa akiutazama hakuwa ameuona kwa miaka saba. Mkono ukashuka, ukachukua kibao, ukaandika: *Mmoja wa wajenzi. Wa Makete.*

Tusajigwe akasema Mungu ambariki mama yake. Kisha akapiga magoti kuokota maharage, polepole sana, mpaka viazi vilipokwisha.

*

Baada ya hapo Gwamaka alijaribu kila njia. Alisema kwa mdomo wake, nyuma ya mkewe, hakusikia. Alipitisha rekodi kwenye pembe ya Sumbawanga, hakusikia. Kwenye bakuli alisikia, tena akatabasamu. Basi Gwamaka akakaa na michoro yake mpaka akaelewa.

Punje humtambua mtu kwa kulinganisha sauti mbili: ile inayofika sikioni moja kwa moja, na ile inayofika imechelewa kidogo baada ya kugonga kuta. Mdomo wa mtu huwatupia walio mbele sauti moja na kuta sauti nyingine, nzito zaidi, na katika tofauti hiyo ndipo punje husoma kwamba hapa pana mtu, na mtu huyu ni fulani. Pembe nayo ina tofauti zake. Lakini bakuli la Ezelina liliupa kila upande sauti ileile. Punje ikatafuta chanzo isikipate, ikaamua kwamba hiki si kiumbe, ni kitu cha nje kama upepo, mti unaoanguka au maji ya mafuriko. Na sauti za namna hiyo sheria ilikataza zisizuiwe, watu wasije wakafa bila kusikia hatari. Gwamaka Mwasumbi alikuwa akiingia sikioni mwa mkewe kama mvua.

Ikawa desturi. Asubuhi alirekodi, mlango umefungwa, akisoma chochote kilicho karibu: habari za bei ya kakao, namna ya kutibu kuku, tangazo la mkutano wa kijiji. Alasiri Tusajigwe alileta kigoda chake na sufuria ya maharage ya kumenya, akaketi mbele ya bakuli. Gwamaka aliketi kando yake. Bega lake liligusa la mkewe, na wote wawili walisikia kitu kimoja. Angekuwa mtu mwingine angesema amepata alichokililia. Lakini alikaa pale akimwonea wivu kijana asiyekuwepo, na kila mkewe alipocheka kidogo kwa namna kijana alivyotamka jina la kuku, Gwamaka alijiona yuko mbali kuliko alivyokuwa kabla ya boksi lile kufika.

Hakujidanganya kuhusu alichokuwa akifanya. Mkewe alifunga mlango kwa hiari yake na yeye alikuwa ameingia kwa dirisha, tena amevaa nguo za marehemu. Aliapa kusema Jumapili. Jumapili ikafika, Tusajigwe akavaa gauni jipya kabla ya kuja ghalani, na Gwamaka hakusema.

*

Ezelina Sanga alipiga simu kuuliza majibu. Wajenzi wengine walikwisha kumchosha; kila mtu alitaka kujua kama bakuli la mianzi limeshinda pembe, na michoro ya umbo lake, ambayo Gwamaka huitoa pamoja na vipimo, itatolewa lini ili nao waanze kupasua mianzi. Gwamaka alimsifu kwa dhati. Kisha, kwa kuwa hakuwa amezungumza na mtu kwa muda mrefu na jambo lilimkaa kooni, akamweleza kwamba bakuli lake linapitisha sauti iliyofungwa.

Kule Makete kiti kilivutwa, Ezelina akaketi.

"Mzee Mwasumbi," akasema, "mimi nimemfunga mtu. Yuko hai. Anaishi mtaa wa chini yangu, na randa anaishika vizuri kuliko mimi. Zamani alikuwa akisimama nje ya dirisha akisema atakachonifanya, hata hapandishi sauti. Siku hizi nalala. Ukitoa michoro hiyo, nitalala vipi?"

Gwamaka akasema hajaitoa. Akasema pia, kama mtu anayejitetea kabla hajashtakiwa, kwamba pengine wako waliofungwa ambao hawakumkosea mtu.

"Wako," Ezelina akakubali. "Nami sisemi wewe uko upande gani. Lakini huyo uliyemjaribia, alijua?"

Gwamaka akasema mvua imeanza tena huku Tukuyu, na mwalimu yule hakumrudia swali. Alimwombea mvua ipungue, wakaagana.

Siku ile ile, wakati wa kuanua nguo, Tusajigwe alimjia mumewe na ombi. Alilizungukia sana, akaanzia kwa habari za nguo zisizokauka. Alisema anajua si vizuri kumsumbua mtoto wa watu. Lakini kama Baba Amba anafahamiana na yule kijana, je, asingeweza kumwomba aseme maneno mawili tu. Si maneno makubwa. Aseme, Mama, nimerudi.

"Mara moja tu," akasema, huku akiikunja shuka ambayo ilikuwa bado mbichi. "Amba alikuwa akisema hivyo akiwa bado kule kwenye migomba, kabla hata sijamwona."

Gwamaka aliingia ghalani, akawasha maikrofoni, akaketi mbele yake. Maneno yalikuwa mawili na kinywa chake kiliyajua. Aliyasikia kila jioni kwa miaka ishirini na mitatu. Akavuta pumzi, na pumzi ikatoka tupu. Akavuta tena. Aliona wazi kwamba akiyasema, atakuwa ameyasema kwa siku zote zilizobaki, kwamba kesho ataombwa mengine, na kwamba mwanamke yule atakuwa akiishi na watu wawili ambao hakuna hata mmoja aliyepo.

Akazima. Alirudi ndani na kibao. Tusajigwe alikuwa jikoni, akigeuza magimbi kwenye makaa. Gwamaka aliandika maneno machache, akafuta, akaandika upya.

*Kijana huyo hayupo. Sauti ni yangu. Bakuli linapita kwenye kufuli lako. Nilijua tangu siku ya kwanza.*

Tusajigwe alisoma. Akasoma tena, kidole kikifuata mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Magimbi yakaanza kuungua, na ni Gwamaka aliyeyaondoa.

"Basi umeniletea tena habari ile," Tusajigwe akasema. Hakuinua sauti. "Mara ya pili. Wewe huyo huyo."

Kesho yake alifunga mzigo mdogo, akashuka Kyela kwa dada yake.

*

Nyumba ikabaki na mvua. Gwamaka alipima vilivyobaki kwa sababu mikono ilitaka kazi. Aliwaandikia wajenzi kwamba bakuli la Makete lina kasoro inayohusu usalama wa watu na kwamba michoro yake haitatolewa kwa sasa. Wengine walimwelewa. Wengine walisema amehongwa na watu wa pembe, na wawili wakaomba warudishiwe vyombo vyao. Akavifunga, akavirudisha. Kwa ofisi ya punje kule Mbeya alieleza yote, pamoja na jinsi alivyokuja kugundua, hakuficha hata gauni la Jumapili. Alijua maana ya kufanya hivyo. Wakiliziba tundu lile, njia ya pekee aliyokuwa nayo duniani ya kumfikia mkewe itazibwa nayo, na atakuwa ameiziba mwenyewe.

Ofisi ilijibu kwamba itamtuma fundi. Ikasema pia kuwa ili wahakikishe tundu limezibika, wanahitaji watu wawili, aliyefunga na aliyefungwa, wote kwa hiari yao. Gwamaka akaupeleka ujumbe Kyela bila kuongeza neno lake. Hakutegemea chochote.

Tusajigwe alirudi na gunia dogo la mchele. Alimsalimu mumewe, akamuuliza kama amekuwa akila, akaangalia sufuria na kupata jibu. Kuhusu lile jambo alisema mara moja tu, akiwa anatandika kitanda: anataka lizibwe. Si kwa ajili yake peke yake. Kule Kyela amemfikiria mwanamke wa Makete asiyemjua.

Fundi alikuja wakati mvua imetulia. Alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Lugano Kabuje, mpole, mwenye sanduku la vifaa na viatu vilivyojaa tope. Alimkalisha Tusajigwe mbele ya bakuli, akamwekea kifaa kidogo nyuma ya sikio. Naye Gwamaka akaketishwa kwenye kona ya mbali, penye maikrofoni iliyounganishwa na bakuli, kati ya mablanketi mawili yaliyoning'inizwa. Kupitia uwazi wa mablanketi, mume na mke walionana.

Maelekezo yalikuwa rahisi. Baba aongee chochote, asinyamaze. Fundi ataiongoza punje taratibu mpaka ijifunze kuitambua sauti hiyo. Mama atakapoacha kusikia, ainue mkono.

Gwamaka alianza kwa kutaja vitu vilivyomo ghalani. Meza. Kigoda. Gunia. Aliona macho ya Tusajigwe yakitulia juu yake, na vitu vikamwishia. Fundi akamwashiria aendelee.

"Siku ile," Gwamaka akasema, "sikukuita mara moja. Simu ilinikuta njiani. Nikaja mpaka juu ya shamba la chai, nikakuona. Mlikuwa mnachuma na akina Mama Nsajigwa, na mmoja wenu alikuwa amesema kitu, mkacheka mpaka ukashika kiuno. Nikakaa chini kwenye majani. Nikasema, acha acheke kwanza. Acha amalize. Nilikaa pale, Mama Amba, nikikutazama. Nilikuwa nalibeba jambo lile peke yangu na nilitaka kulibeba hivyo kidogo zaidi. Jua likaanza kushuka, nikaona watu wengine wanakuja kwa njia ya juu, nikajua wao watakwambia vibaya. Ndipo nikasimama."

Akasema jinsi alivyochagua maneno na yote yakawa mabaya. Akasema kwamba Amba alipenda kulala na dirisha wazi, jambo ambalo mkewe alilijua, lakini aliona lisemwe. Hakuwa akilia. Aliongea kama mtu anayetua mzigo kwa sehemu, moja baada ya nyingine, na Tusajigwe alikaa amemtazama, mikono imelala mapajani. Hakuinua mkono. Gwamaka akaongea mpaka akafika mwisho, na alipofika hakukuwa na kitu cha kuongeza.

Lugano Kabuje alikuwa amekodolea kioo chake. Alikitikisa kidogo, akakagua waya, kisha akamgeukia Tusajigwe akiwa na wasiwasi wa mtu anayeona kipimo na mgonjwa vikipingana.

"Mama," akasema, "kifaa kinaonyesha sauti ilizibwa tangu alipokuwa akitaja vitu. Umeendelea kumsikia?"

"Hapana," Tusajigwe akasema. "Niliacha kumsikia kwenye gunia."

"Sasa mbona hukuinua mkono?"

Tusajigwe hakumtazama fundi. Macho yake yalikuwa bado kwenye uwazi wa mablanketi.

"Alikuwa hajamaliza," akasema.